Urefu wa Germaine

Siku watoto walipokubaliana kununua motokari, Germaine alikuwa amelala pale pale alipolala kila siku, kwenye kitanda cha sebuleni kando ya dirisha, mguu wake wa kuume umenyooka kama mpini wa jembe. Aliwasikia nyuma ya pazia. Watu walikuwa watatu, sauti zilikuwa nne, kwa maana Hervé, mzaliwa wake wa kwanza, tangu utoto alisema kwa watu wawili.

"Motokari ya mama," Hervé alikuwa anasema. "Si ya muntu mwingine. Ya mama. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana," alijibu Christiane, dada yake. "Sasa juu ya nini uko unaongea tu mambo ya barabara ya Kamatanda?"

"Juu barabara ya Kamatanda iko mubaya. Mama ataenda Lubumbashi siku moja mu juma. Siku zingine motokari itafanya nini? Itaota jua?"

Hervé alinunua mawe ya madini kwa wachimbaji wa Kamatanda na kuyauza tena, na kila alichokitazama alikitazama kutoka barabara ile. Sauti ya baba yao, Séraphin, ilikuwa ya kiti chake tu. Germaine alikisikia kikilia.

Mguu ule ulianza kwa jambo dogo. Germaine aliteleza kwenye matope ya soko la Kikula, mtaa wao, beseni la mihogo kichwani, akaangukia nyonga. Nyonga ikakauka, goti likaifuata, na kwenye muundi kikafunguka kidonda kisichotaka kufunga, kikala mpaka kwenye mfupa. Kukaa hakuweza tena. Angeweza kusimama na magongo kwa muda wa maji ya chai kuchemka, kisha alale. Daktari wa Lubumbashi alikuwa amesema wazi, mbele yao wote: mfupa uoshwe kila juma kwa mashine ya kule kwake, miezi kadhaa. Ukioshwa, mguu utabaki. Usipooshwa, uozo utapanda, nao wataukata ili mama mwenyewe abaki.

Likasi, mji wao, hakukuwa na mashine hiyo. Na teksi za Lubumbashi zilimkataa. Akilala anakula nafasi ya watu watatu, na kidonda kina harufu. Abiria wanageuza shingo, dereva anakumbuka ghafla kwamba gurudumu lake si zima. Mara moja alienda juu ya kamiyo ya makala, lori la mkaa, katikati ya magunia, akarudi mweusi kama kitako cha sufuria na kidonda kimepasuka upya. Ndiyo sababu ya motokari. Motokari ilikuwa mguu wake.

Walipokwisha kutawanyika, Séraphin alikuja kuketi kando ya kitanda na sahani yake ya bukari. Germaine alimwacha amege matonge mawili.

"Papa Hervé."

"Mama."

"Kesho munaenda ku parking kuchagua. Leta kamba yako, unipime."

Tonge lilisimama njiani. "Kamba gani?"

"Ile ya kazi. Una kamba ngapi?"

Hapa lazima mtu aijue kazi ya Séraphin. Alikuwa seremala, na kibanda chake kilikuwa uani, nyuma ya nyumba. Alitengeneza vitanda, milango, kabati za akina mama wa soko. Lakini zaidi alitengeneza masanduku ya kuzikia. Mwenyewe alipenda kusema kwamba bibi arusi anaweza kungojea kitanda, ila maiti hangojei. Familia ikimwita, alikwenda na kamba, akailaza kutoka utosini mpaka kisiginoni mwa marehemu, akapiga fundo, akarudi kibandani bila kusema neno njiani. Kamba ile haikuwahi kulala juu ya mtu anayepumua. Si yeye tu. Kikula nzima ilijua jambo hilo halifanywi. Seremala mmoja wa mtaa wa Panda alimpima mzee mmoja kwa mzaha, kwenye pombe, na mzee akafa kabla ya mvua. Tangu hapo hakuna aliyemletea yule seremala hata stuli ya kupigilia msumari. Naye Mzee Albert, jirani mwenye mizaha, alipokuja mwenyewe kwa Séraphin akitaka sanduku lake liwe tayari kabla ya siku yake, Séraphin alimfukuza na ubao mkononi.

"Unaniomba nikupime weye," Séraphin alisema.

"Motokari haina macho. Haitajua minye niko murefu namna gani."

"Macho iko kwangu. Nakujua tangu uko musichana."

"Unanijua nikisimama. Sasa niko nalala."

Séraphin aliweka sahani chini. "Mama Hervé, muntu muzima hapimwe. Hii maneno, usiirudie."

"Basi pima kitanda."

"Kitanda nilitengeneza minye mwenyewe, kinakupita huku na huku. Nitapima nini, hewa?"

Germaine alimwita Christiane, naye akaikunja mikono nyuma kama mtoto aliyeonyeshwa nyoka. "Mama, minye siwezi. Nikishika kamba juu yako na kitu ikakufikia, nitakaa wapi na macho ya batu?"

Germaine hakugombana nao. Alikuwa mtu wa kungoja. Alilea watoto kwa kungoja, na mume vilevile. Asubuhi, walipokuwa wanatafuta viatu, alivuta kikwembe chake, kitenge cha majani ya kijani, akakishika pembe chini ya utosi, akakinyoosha ubavuni kwa fimbo ya gongo mpaka kikafika kisigino. Akakariri jani lililogusa kisigino, akakivuta tena juu na kupiga fundo kwenye jani hilo. Jasho lilimtoka. Séraphin alipoingia kuaga, alimpa.

"Kutoka pembe mpaka fundo, ni minye. Mukilaza hii ndani ya motokari na mulango ikafunga, mununue. Mulango ikikataa, muache."

Séraphin alikipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto wa watu. Akakiweka ndani ya mfuko wake wa vyombo vya kazi, akatoka.

Walirudi alasiri, wenye furaha, motokari ikipiga honi tangu kona. Séraphin aliingia kwanza. Akamrudishia kikwembe kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Germaine alikipapasa chote. Fundo halikuwapo.

Hakumuuliza yeye. Alimuuliza Christiane, wanaume walipokuwa nje wakiosha magurudumu, na Christiane, ambaye hakujua kuficha, alieleza kila kitu huku akikwangua kucha.

Parking ndivyo watu walivyouita ule uwanja wa mabati kwenye barabara ya kutokea mjini, ambapo motokari zilizopita mpaka wa Kasumbalesa zilisimama kungoja wenyewe. Mwenye uwanja, mtu mnene aitwaye Osée, aliwauliza swali moja tu: "Mugonjwa anakaa ao analala?"

"Analala," Christiane alisema.

"Basi njooni huku." Akawapeleka kwenye basi dogo la familia, jeupe lililogeuka rangi ya maziwa ya jana. Ubavu mmoja ulikuwa umebonyea. Lakini mlango wake wa pembeni uliteleza mpaka mwisho, na viti vya nyuma Osée alivitoa kwa mkono mmoja, akaviweka chini. "Ku macho iko mubaya. Ndani iko nyumba. Mutaweka godoro, mutaweka mama, mutaweka na ule atamupepea."

Hervé alicheka. "Hii? Nifike nayo Kamatanda? Batasema nimeanza kuuza samaki."

"Batu ba Kamatanda ndio bagonjwa?" Osée aliuliza.

Lakini Hervé alikwisha kuona motokari ya jipu. Ilikuwa fupi, ya buluu, imesimama juu ya magurudumu yake kama jogoo, viti bado vimefunikwa plastiki. Aliizunguka, akaizunguka tena. Akasema injini yake ina sauti ya mtu aliyekula. Akasema mama amevumilia vya kutosha, amebebwa na makala, sasa abebwe na kitu ambacho jirani atafungua dirisha kukitazama. Na katika hilo, Christiane alisema, hakuwa mwongo. Macho yake yalikuwa na maji.

Wakati Hervé anaizunguka jipu, Séraphin alikuwa ameingia ndani ya lile basi dogo, peke yake. Christiane alimwona kupitia kioo. Alitoa kamba, akailaza kwenye sakafu kutoka nyuma ya dereva mpaka mlango wa nyuma, akapiga fundo. Kisha akafungua mfuko, akakitoa kikwembe. Akakishika muda mrefu. Akatazama lile fundo la mke wake kando ya fundo la kamba, yale mafundo mawili yaliyofanana, kana kwamba kamba ile imemlalia akiwa mzima. Alilifungua fundo la kikwembe kwa meno. Akakikunja, akashuka.

"Papa," Hervé aliita, "njoo uone nyuma huku. Mama ataenea?"

Séraphin alikwenda. Alikitazama kile kiti cha nyuma cha jipu kwa macho ya kazi yake, ambayo hayajawahi kumkosa marehemu hata mmoja.

"Anaenea," alisema.

Germaine alisikiliza mpaka mwisho. Nje walikuwa wanacheka na maji.

"Na weye ulinyamaza," alisema.

"Ningesema nini, mama? Papa ameshasema, na fundo ameshafungua. Ningetandika ile kikwembe chini, mbele ya batu, sawa vile sanda?"

"Sikukukasirikia. Nauliza tu."

Wangeweza kumjaribu jioni ileile. Osée aliwapa mpaka kesho saa sita: ikikataa, rudisheni, lile basi nitaliweka. Lakini mambo yana utaratibu wake, na kwa familia ile kitu kipya hakiingiwi kabla ya kumshukuru aliyekileta. Asubuhi mchungaji alikuja na chupa ya mafuta, kwaya ikaja na ngoma, majirani wakajaa mpaka barabarani. Mchungaji alipaka mafuta gurudumu moja moja, usukani, na kila mlango. Akaomba kwamba motokari hii isimwage damu, isibebe maiti, itoke na kurudi. Hervé alipiga magoti mavumbini na suruali yake nyeupe. "Tunakupa, Bwana," alisema kwa sauti. "Si yetu tena. Ni yako." Na watu wote wakaitika amina.

Baada ya hapo ndipo walipomleta Germaine.

Walimbeba juu ya godoro, Hervé kichwani, wanaume wawili wa kwaya upande wa miguu. Kwaya iliimba. Kichwa kiliingia, mabega yakaingia, mgongo ukaingia, kisha kichwa kikafika kwenye mlango wa pili na kugota. Nje ya motokari ulibaki mguu wa kuume, kutoka juu ya goti mpaka chini, umenyooka hewani juu ya umati, na bendeji yake.

"Sogeza mama kule," Hervé alisema.

"Kule ni mulango," alijibu mwanakwaya.

Wakamwinua kidogo, nyonga ikalia, naye akalia pia, kwa sauti ndogo. Wakajaribu mbele, wakakilaza kiti. Kisigino kikagonga mbele ya kiti cha abiria, pale kwenye redio. Wakajaribu kwa nyuma. Jipu ilikuwa fupi hata kwa mbuzi mkubwa. Kwaya iliendelea kuimba kwa muda, kisha waimbaji wakaacha mmoja mmoja. Mama mmoja wa nyuma aliuliza, si kwa ubaya, "Kwani habakumupima?" Mwenzake akamfinya.

Germaine, kichwa ndani ya harufu ya plastiki mpya, alikuwa anatazama dari ya motokari. Ilikuwa safi, ya kitambaa laini. Alimwona Séraphin kupitia kioo cha mbele, amesimama mbali, kofia mkononi.

"Munirudishe ku kitanda," alisema. "Munachoka."

Ilikuwa bado kabla ya saa sita. Christiane alimshika kaka yake mkono. "Twende kwa Osée. Tuko na wakati."

Hervé alimtazama kama mtu aliyeambiwa auze mtoto. "Mafuta bado haijakauka. Tutaenda kumwambia Mungu nini? Kwamba kile tulimupa mbele ya batu bote, tunakirudisha ku parking?"

"Mungu anajua mama haingie."

"Uliza mchungaji."

Mchungaji alikuwa bado pale, akipangusa chupa. Alikuwa mtu mpole, na aliwaza kweli. Akasema kilichopakwa hakipanguswi. Lakini Bwana anayefungua njia baharini anaweza kunyoosha motokari au kukunja mguu, tuombe. Saa sita ikapita wakiwa wanaomba.

Lile basi dogo lilichukuliwa na wauza samaki. Ndiyo, samaki, Hervé mwenyewe alikuwa ameshatabiri. Kila asubuhi lilipita mbele ya nyumba likielekea sokoni, na Germaine aliujua mlango wake kwa sikio: uliteleza, ukateleza, mtu angedhani hauna mwisho, kisha ukagota.

Séraphin hakusema anaenea tena. Alikuja na shauri lingine: kiti cha mbele cha abiria king'olewe, yeye atengeneze ubao wa kulalia kutoka mbele mpaka nyuma. Hervé alikubali, hakuwa mtoto mbaya, na hilo lazima lisemwe. Lakini alisema juma hili mawe ni mengi, anabeba wanunuzi kwenda Kamatanda, kiti kile kina mtu wake; juma lijalo. Juma lijalo mvua iliharibu daraja. Juma lililofuata wachimbaji walifukuzwa, akawa anawahamisha wenzake kwenda Kambove. Kila aliporudi aliingia na viatu vyenye udongo, akapiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Mama, nivumilie kiloko tu." Na kila mara Germaine alimjibu, "Niko hapa, mutoto wangu. Nitaenda wapi?"

Kwa ajili ya ubao ule kipimo kilitakiwa pia. Séraphin alikuwa ameukata mrefu kuliko haja, ili asilazimike kujua. Aliuegemeza ukutani kibandani, na wateja walipouona waliuliza, "Hii ni ya nani, Papa Séraphin, mukubwa hivi?" Baadaye akaupasua, akaufanya mlango.

Homa ilianza kwa kichwa, kama homa nyingine zote. Kisha mguu ukavimba juu ya goti, ukang'aa. Christiane aliposhika ngozi, alama za vidole zilibaki. Walimpeleka hospitali ya pale pale Likasi kwa mkokoteni wa kubebea mbao, Séraphin akisukuma mwenyewe, maana hapakuwa mbali na mkokoteni ulikuwa mrefu wa kutosha. Daktari aliinua shuka, akaishusha. Hakuuliza kwa nini hawakwenda Lubumbashi. Alisema tu kwamba ukatwe leo.

Séraphin alisaini. Germaine aliomba wamwache azungumze naye kabla, lakini kilichotoka kilikuwa jambo dogo.

"Papa Hervé, weye unajua desturi. Haitupwe ku takataka. Izikwe."

"Nitatengeneza kitu."

"Sasa utapima."

Séraphin aliinamisha uso. "Nitapima," alisema.

Alipima. Muuguzi alimletea mguu umefungwa shuka, chumba cha nyuma, na Séraphin akailaza kamba yake kutoka juu ya goti mpaka kisiginoni, akapiga fundo, akarudi kibandani bila kusema neno njiani. Mbao alichagua nzuri, zile za mti wa msena alizozihifadhi kwa kabati ya Christiane. Sanduku lilitoka dogo, lenye mfuniko uliokaa sawasawa. Mzee Albert alipita, akaliona. Alivua kofia, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha.

Siku ya kutoka hospitali Hervé alikuja na jipu. Alikuwa ameiosha mpaka ndani ya magurudumu. Christiane alitandika kikwembe cha majani ya kijani kwenye kiti cha nyuma, na wakamwingiza mama yao, kichwa, mabega, mgongo, na mguu wa kushoto umekunjwa. Kichwa kilifika kwenye mlango wa pili. Kikwembe kilibaki, kikaning'inia upande usio na kitu. Christiane alikikunja mara mbili, akakisukuma ndani. Akafunga mlango. Ulifunga mara ya kwanza.

Nyuma kabisa, mahali pa mizigo, waliweka lile sanduku.

Hervé alishika usukani lakini hakuwasha. Alitazama kioo kidogo. "Mama, uko vizuri?"

"Niko vizuri."

"Unaona, sasa..." alianza, kisha akaacha. Akawasha.

Séraphin alikaa mbele, kwenye kile kiti kilichopaswa kung'olewa, magoti pamoja. Walipanda taratibu kuelekea Kikula, Hervé akikwepa mashimo kama mtu anayebeba mayai. Karibu na soko walisimama kupisha. Basi dogo la rangi ya maziwa lilikuwa linashusha masanduku ya samaki, mlango wake umefunguka wote.

Germaine aliweza kuliona akiwa amelala, kupitia dirisha la upande wa miguu.

"Papa Hervé," alisema. "Ile ulipima ndani. Christiane aliniambia."

Séraphin hakugeuka. "Nilipima."

"Ilikuwa namna gani?"

Wauza samaki walimaliza, mlango ukateleza kufunga. Séraphin alijibu kwa sauti anayotumia akiwa mbele ya familia za watu, akirudi na fundo lake.

"Ungeenea," alisema. "Nafasi ya mukono mumoja ingebakia juu ya kichwa, na mumoja chini."

"Chini ya miguu," Germaine alisema.

"Chini ya miguu."

Aliitikia kwa kichwa, ingawa hakuna aliyemwona. Hervé akaingiza gea, na jipu ikapita juu ya maji ya samaki bila kutikisika hata kidogo. Ilikuwa motokari nzuri kweli.